Kizibao cha mbwa wa kuwinda ndege: anzia kwapani

Kazi yangu ni turubai. Nashona Bondeni, kwenye baraza ya nyumba ya marehemu babu, na vinavyopita mkononi mwangu ni maturubai ya malori yapandayo bara kutoka Kilindini, vifuniko vya mashua, viti vya tuktuk na mahema ya harusi yaliyoraruliwa na upepo wa kusi. Mbwa hakuwamo kwenye hesabu zangu. Kenya uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku mwaka 1977, na mimi sijawahi kumwona mtu akitoka na bunduki na mbwa kwenda kutafuta ndege. Mbwa wa Mombasa ninaowajua ni wale wanaobweka nyuma ya mageti ya Nyali na wale wanaorandaranda Kongowea soko likifungwa.

Aliyeniingiza kwenye habari hizi ni shemeji yangu, ndugu wa mke wangu. Yeye anaendesha lori South Dakota, Marekani, na huko wenzake wa kazini wamemfundisha kuwinda. Mtu ambaye hapa kwao hata paka hakufuga, leo ana leseni, ana bunduki, ana fulana ya rangi ya chungwa, na ana mbwa: pointer wa Kijerumani mwenye manyoya mafupi, dume, kahawia mwenye madoadoa meupe, kilo 29. Amemwita Kobe kwa kejeli, maana mnyama huyo hajui kutembea. Akifunguliwa mlango wa gari ni mbio mpaka arudishwe.

Ndege wanayemfuata anaitwa feasanti. Ni jamaa ya kuku na kwale, dume lake lina shingo ya kijani yenye pete nyeupe na mkia mrefu. Si wa asili ya huko, aliletwa kutoka Asia, lakini watu wa South Dakota wamempenda hata tangu 1943 ndiye ndege rasmi wa jimbo lao. Msimu hufunguliwa Oktoba. Mbwa hutangulia akipiga chenga kulia na kushoto, pua juu, akitafuta harufu. Akiipata huganda pale pale, mguu mmoja hewani, asitikisike. Mwindaji humfikia, ndege huruka, bunduki hulia, na mbwa huenda kumwokota.

Utasema, hapo kizibao cha nini? Mimi nilisema hivyo hivyo. Shemeji akanitumia video, akaniambia nitazame nyasi. Zinamfika mtu kiunoni, kwa hivyo mbwa ndani yake haoni kitu, na bado anakwenda kwa kasi yake yote. Ndani ya nyasi hizo kuna mabua ya mahindi yaliyokatwa mshazari na mashine, kuna matete yaliyokauka, kuna vigogo, na kuna seng'enge. Seng'enge ya miba ile tuijuayo ilibuniwa na mkulima wa Illinois, akapewa hataza, yaani haki ya mbunifu, mwaka 1874, na tangu hapo wakulima wa mbuga zile wamezungushia mashamba, wakahama, nguzo zikaanguka, waya ukabaki umelala chini ya majani. Mbwa aliyeshikwa na harufu hasikii maumivu. Atajichana kifua tangu shingoni hadi mbavuni na aendelee kuwinda, na mwenyewe ataijua habari hiyo jioni wakati wa kumpandisha garini.

Shemeji alinunua kizibao. Duka silitaji. Kilikuwa kimeandikwa cha kazi nzito, kitambaa kinene, kimemfunika Kobe mgongo, mbavu, tumbo na kifua. Baada ya siku ndefu porini kifua kilitoka kizima, hata mkwaruzo hakuna, lakini kwapa zote mbili zilikuwa nyekundu, manyoya yametoka, ngozi inavuja maji. Akanipigia, kamera imeelekezwa kwenye kwapa la mbwa, huku mimi nanywa chai.

"Shemeji, wewe si fundi? Hebu niambie hiki kitu kina kasoro gani. Kitambaa hakijachanika hata uzi."

Nikamwambia kitambaa hakina kosa, alete kizibao chenyewe.

Kikaja ndani ya sanduku la binamu yake aliyekuja harusini. Mke wangu alipojua ni cha nini, alinisimamisha mlangoni. "Hicho hakipiti kizingiti hiki." Sisi huku ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na mate ya mbwa kwetu si jambo la kupangusa kwa kitambaa. Basi kikaoshewa uani, mara saba, moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo, yeye akihesabu kwa sauti dirishani ili nisije nikaruka. Naandika haya kwa sababu najua wako watakaoniuliza chini hapa, fundi Mwislamu na nguo za mbwa ni wapi na wapi. Mbwa wa kuwinda anatajwa katika Qur'ani, Surat Al-Maidah, aya ya 4, kwamba mnyama aliyefunzwa akikukamatia windo, ule na ulitajie jina la Mwenyezi Mungu. Ruhusa ya kumfuga mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba imo katika hadithi. Na kikavu kikigusa kikavu, najisi haihami. Mimi nashughulika na mbwa wakavu.

Kizibao kilipokauka nikakifumua. Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko nilivyodhani.

Kitambaa chake kilikuwa nailoni nzuri ya denia 1000. Denia ni uzito wa uzi: chukua mita 9,000 za uzi, zipime, na gramu utakazopata ndizo denia zake. Mabegi mengi ya shule yanayouzwa hapa mjini ni poliesta ya 600, kwa hivyo 1000 ni kitambaa cha kuheshimika, mwiba wa kawaida haupiti. Mishono pia ilikuwa imenyooka, fundi wake anaijua mashine. Taabu ilikuwa kwenye tundu la mguu. Kwanza, lilikatwa duara, na ukingo wake wa nyuma ukaja kukaa hasa pale kiwiko cha mbwa kinapopita kila akipiga hatua. Pili, pindo liligeuzwa ndani, upande wa ngozi, likazungushiwa utepe mgumu wa nailoni, ule ule wa kupindia begi. Tatu, na hili nililigundua kwa kupitisha kidole, kila uzi ulipoishia palichomwa moto ili usifumuke. Nailoni ikichomwa huyeyuka ikafanya kishanga, na kishanga kikipoa kinakwaruza. Vilikuwa vinne kila upande, vyote vimetazama kwapani. Mbwa anayekimbia tangu asubuhi hadi alasiri anapeleka mguu mbele na nyuma maelfu ya mara. Ngozi ya kwapa la mbwa haina manyoya mengi, ni laini. Hapo hata karatasi ingemchuna.

Babu alikuwa mshona kanzu, na watu wa umri wake walijua kwamba kanzu isiyotiwa kikwapa itachanika au itamchuna mwenyewe, hata ikishonwa kwa hariri. Kipande kile kidogo cha pembe nne chini ya mkono ndicho kinachompa mtu nafasi ya kuinua mkono. Mbwa ni vivyo hivyo, ila yeye hatembei na mikono imelala kifuani.

Kwa hiyo shauri langu kwa mtu yeyote anayechagua kizibao, awe ananunua au anashonesha, ni kwamba asianze na kitambaa. Kila muuzaji atakuanzisha na kitambaa, maana ndicho kinachoonekana kwenye picha na ndicho kinachobeba majina makubwa: Cordura, Kevlar na ndugu zao. Geuza kizibao ndani nje. Pitisha kidole gumba kwenye tundu la mguu zima, polepole, na popote kidole kitakapokwama ujue mbwa atatoka damu. Kisha mvalishe, uvute mguu wake mbele kama anaruka, uurudishe nyuma. Ukingo ukifika kiwiko, rudisha dukani. Baina ya ukingo na kwapa pawe na nafasi ya vidole viwili vilivyolala, hata hapo mguu ukiwa umenyooka wote mbele.

Shemeji alikuwa na mawazo yake. Rafiki yake mmoja alimwambia anunue cha neopreni. Neopreni naijua, wapiga mbizi wa Nyali na Diani huniletea suti zao nizitie viraka. Ni mpira uliojaa mapovu ya gesi, na hayo mapovu ndiyo yanayozuia joto lisitoke na ndiyo yanayomfanya mtu aelee. Mbwa wa bata anahitaji hicho, kwa sababu kazi yake ni kukaa kimya kwenye baridi, kuruka majini, kurudi na bata, kisha kukaa tena amelowa. Mbwa wa feasanti anakimbia nchi kavu. Ukimvika mpira wa mapovu wakati wa jua la Oktoba umemfunga jiko mwilini. Mbwa hatoki jasho kama sisi, jasho lake ni la nyayoni tu, halitoshi kitu. Anapoza mwili kwa kutweta. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39 hivi, na likipita 41 maisha yake yamo hatarini. Isitoshe mwiba unaupenda mpira ule, unaingia na kukaa.

Mwingine akamwambia achukue kile cha mbwa wa nguruwe mwitu, chenye matabaka ya nyuzi zisizokatika, shingo imefunikwa mpaka masikioni. Hicho kimeundwa kuzuia pembe za nguruwe. Ni kizito, na feasanti hana pembe.

Tulibishana kuhusu mgongo. Yeye alitaka kifunikwe chote, akisema Kobe hupita chini ya seng'enge na waya humkwaruza juu. Nikamwuliza, majeraha yake yote mpaka sasa yako wapi? Kifuani, tumboni, mbele ya mapaja. Mgongoni mkwaruzo mmoja. Mbwa anaingia kwenye hatari kwa kifua, na kumfunika mgongo pia ni kumwongezea joto. Tukakubaliana kizibao kiwe bamba la chini tu: linaanza chini ya shingo, linapita katikati ya miguu ya mbele, linafunika mfupa wa kifua na tumbo, na juu ni mikanda miwili mipana. Rangi ya chungwa iwe kwenye mikanda hiyo, ndiyo inayoonekana na wenye bunduki. Kobe mwenyewe haioni kama sisi. Mbwa wanaona buluu na manjano, chungwa kwao ni kitu cha kufifia tu. Rangi ni kwa ajili ya binadamu wenye bunduki.

Kupima kulitumaliza kwa kicheko. Shemeji alikuja na futi ya chuma ya seremala, Kobe akadhani ni nyoka. Nikamwambia achukue kamba ya viatu, aizungushe, aweke alama kwa wino, kisha ailaze kando ya rula. Vipimo vinavyohitajika si vingi. Mzingo wa kifua, nyuma kidogo ya viwiko, pale mbavu zinapotanuka zaidi: Kobe ni sentimita 72. Mzingo wa shina la shingo, chini ya mahali mkufu unapokaa, kwa sababu anavaa mkufu wa kumtafutia kwa setilaiti na kizibao kisiupande. Urefu wa chini, kutoka kwenye kibonyeo cha mbele ya kifua hadi mbavu ya mwisho. Na kwa dume, kutoka mbavu ya mwisho hadi uume wake, ili bamba liishe vidole vinne kabla. Hilo wengi hulisahau, halafu mbwa anajikojolea nguo, inalowa, inanuka, na inaanza kuchuna sehemu nyingine. Wakati wa kupima mbwa asimame kwa miguu yote minne. Akikaa kifua hubadilika. Kobe alikaa. Alipewa biskuti, akasimama, akalamba simu.

Uzito hautoshi kuchagulia saizi. Vibao vya saizi vya maduka vinasema kilo kadhaa, saizi kadhaa. Pointer ana kifua kirefu cha kwenda chini na kiuno chembamba. Labrador wa kilo zile zile ni pipa. Mmoja kizibao kitamning'inia kiunoni, mwingine kitambana pumzi.

Kwenye kitambaa sikukawia. Turubai la lori, lile la poliesta lililopakwa plastiki, ninalo magunia kwa magunia, na halifai: halipitishi hewa, na kwenye baridi hukakamaa likawa ubao. Kule kwao Desemba maji huganda. Turubai la pamba linapumua vizuri lakini likilowa umande linakunywa maji, linakuwa zito, na asubuhi ya baridi litaganda mwilini. Nikarudi kwenye nailoni ile ile ya 1000, tabaka moja mbavuni na mawili kwenye kifua, bila sponji katikati. Uzi wa nailoni wa kushonea viti, sindano namba 18. Pindo zote nikazigeuzia nje. Zinaonekana vibaya, mke wangu alidhani nimevaa, yaani nimeshona, ndani nje. Acha zionekane vibaya. Ncha za uzi nilizirudisha ndani ya mshono nikazifunga huko, hakuna moto. Ukingo wa tundu la mguu nikauzungushia utepe laini unaovutika, wa zile suti za kupigia mbizi, kipande kilichobaki.

Bizimu zilinipa mawazo zaidi. Zipu ya mgongoni ni rahisi kuvalisha lakini meno yake yanakula manyoya, na mchanga na barafu vitaiua. Velkro, ule utepe wa kubandika na kubandua, ina sifa moja kubwa: mbwa akinaswa kwenye tawi akavuta kwa nguvu inaachia. Lakini velkro inakusanya mbegu za nyasi, na ikishiba mbegu haishiki tena. Na mbegu zenyewe ni hatari, kuna zile zenye mkia wenye vinyweleo vya kuelekea upande mmoja, ambazo zikishaingia kwenye ngozi hazirudi nyuma, zinasonga mbele ndani ya mwili. Kizibao chenye velkro kinazibeba pamoja na mbwa siku nzima. Nikachagua bizimu za plastiki za kubana pande mbili, zikae juu mgongoni mbali na kwapa, na kila mkia wa ukanda uingizwe kwenye kitanzi usining'inie. Kitu chochote kinachoning'inia kitapata waya wa kukinasa. Ndiyo maana nilikataa pia mpini wa kunyanyulia, mfuko, na pete ya kamba. Shemeji alitaka pete. Nikamwambia kamba ifungwe kwenye mkufu.

Kabla ya kukipeleka nilitaka kuona kikifanya kazi mwilini mwa mbwa, na Bondeni huwezi kukimbiza mbwa mwenye nguo bila watoto wa mtaa mzima kukufuata. Nikavuka Likoni nikaenda Kwale kwa mjomba, ambaye anafuga mbwa wa kufukuza nyani na ngedere kwenye mahindi. Nilichukua kizibao cha kujaribia, nilichokikata kwa vipimo vya mbwa wake aitwaye Jimi. Vijana wa mjomba ndio waliomvalisha, mimi nikisimama kwenye upepo.

Mjomba aliangalia kwa muda, akasema, "Mpwa, sasa huyu umempeleka shule?"

Jimi aliganda kwanza, kisha akatembea akiinua miguu juu juu, kisha nyani mmoja akakohoa upande wa mto na nguo ikasahaulika. Alipita kwenye ua wa michongoma tukasikia kitambaa kinalia krr kwenye miba. Aliporudi nilimlaza, yaani vijana walimlaza, tukatazama kwapa: kavu, manyoya yamelala. Kifuani kitambaa kilikuwa na mistari myeupe ya miba, hakuna iliyopenya. Nilichojifunza Kwale ni upana wa bamba mbele. Jimi alipokunjua miguu kwa mbio, pembe za bamba zilikuja kupiga kwenye misuli ya bega. Hii huioni mbwa akiwa amesimama. Nikapunguza kila pembe sentimita 2 na nikaiviringa. Ulimi wa Jimi ulikuwa nje mpaka mwisho, na jua lilikuwa bado la asubuhi. Nguo ikavuliwa, maji yakaletwa kwenye sufuria iliyotoboka ubavuni ambayo mjomba ameitenga kwa ajili ya mbwa.

Tangu jambo hili lijulikane nimepata wateja wa ajabu. Bwana mmoja wa Mtwapa alitaka kizibao cha aina hiyo hiyo kwa mbwa wake wa kulinda geti, Mjerumani mwenye manyoya marefu, tena kifunike mgongo na kiandikwe jina la nyumba. Nilimwuliza mbwa huyo anapita kwenye seng'enge gani. Anapita kwenye vigae. Machi, kaskazi imekatika, hewa imesimama, fikiria koti juu ya mnyama mwenye koti lake la kuzaliwa. Pesa ni nzuri, lakini nilimshauri anunue turubai nimfungie kivuli hapo getini, na hilo nikamshonea kwa furaha.

Kizibao cha Kobe kilirudi na binamu yule yule. Msimu ulipofunguliwa shemeji alinitumia picha moja moja bila maneno: bamba la kifua limekwaruzwa mpaka rangi imebadilika, kwapa la kulia, kwapa la kushoto, na Kobe ameshika feasanti mdomoni, uso wa mtu aliyelipwa. Kwapa zote mbili safi. Mkanda wa nyuma ulikuwa umelegea baada ya kulowa, kwa sababu nailoni ikinywa maji hurefuka kidogo, na nimemwambia aukaze tena nusu saa baada ya kuanza kuwinda, kisha akague, akivua, katikati ya vidole, masikioni na kinenani, maana kizibao hakifiki huko na mbegu zinafika. Alikuta moja kwenye mguu wa nyuma, imeshaanza kuingia. Aliitoa kwa kibano.

Sasa amekuja na jingine. Wenzake wanakwenda kuwinda bata Novemba, na yeye yuwataka nimshonee Kobe kizibao cha neopreni. Kwa kazi hiyo neopreni ndiyo yenyewe, ya milimita 5 kwa maji ya baridi ile, lakini cherehani yangu ni ya turubai, ikipitisha sindano inaacha tundu, na tundu linaingiza maji. Suti za mbizi hugundishwa kwanza kwa gundi, kisha hushonwa juu juu bila sindano kutokea upande wa pili, na mashine hiyo mimi sina. Nimemwambia anunue dukani, ageuze ndani nje, apitishe kidole gumba kwenye tundu la mguu. Na apime kifua upya, kwa kamba ya viatu, kwa sababu kwenye video ya juzi Kobe ameonekana amelala kwenye kochi tangu msimu ufungwe na zile sentimita 72 ni hadithi ya kale.